Ulimwengu ni mashine? Kanuni zipo, lakini kutabirika ni jambo jingine

MwlWaTemeke

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hoja naisikia sana siku hizi, vijiweni na humu jukwaani: eti sayansi imeshathibitisha kwamba ulimwengu ni mashine, kila kitu kinakwenda kwa kanuni, kwa hiyo yote yatakayotokea yalishapangika tangu mwanzo na binadamu hana anachoamua. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari. Hoja hii inanigusa kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni kati ya mambo makubwa kabisa ambayo akili ya binadamu imewahi kuyafikia. Nusu ya pili imedandia tu.

Nianze na iliyo kweli. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, kule Mbarali mkoani Mbeya, kuangalia kupatwa kwa jua kipete, yaani mwezi unaziba katikati ya jua na pembeni inabaki pete ya mwanga. Walijua siku, walijua dakika, walijua wasimame wapi ili waione ile pete sawasawa. Sisi tuliobaki Dar tuliliona jua limemegwa sehemu tu, na hilo nalo lilishajulikana. Hakuna aliyepiga ramli. Ni hesabu, na hesabu hiyo ingeweza kufanywa vizazi kadhaa nyuma kwa karatasi na kalamu.

Tulifikaje hapo? Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1687, akaonyesha kwamba uvutano unaoangusha embe ndio huo huo unaoushika mwezi usiende zake. Rafiki yake Edmond Halley akaichukua kanuni hiyo akaipeleka kwenye nyota yenye mkia iliyoonekana 1682. Akaona njia yake inafanana na za nyota mbili za zamani, ya 1531 na ya 1607. Akasema hizi ni moja, na itarudi karibu na mwisho wa 1758. Alijua hataishi kuiona, na kweli hakuiona.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mwaka 1758, Paris, watu watatu walikaa mezani: Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na mwanamama Nicole-Reine Lepaute. Shida yao ilikuwa kwamba nyota ile haivutwi na jua peke yake. Sayari za Mshtarii na Zohali nazo zinaivuta, kila moja kwa kiasi chake, na kiasi hicho kinabadilika kadiri zinavyosogea. Ikabidi waufuatilie mvuto huo hatua kwa hatua, kipande kwa kipande cha safari ya miaka 150, wakikokotoa toka asubuhi mpaka usiku kwa miezi kadhaa. Walipomaliza wakatangaza: Mshtarii imeichelewesha siku 518, Zohali siku 100, italifikia jua katikati ya Aprili 1759, kosa letu halizidi sana mwezi mmoja. Usiku wa Krismasi 1758 mkulima mmoja wa Ujerumani aliyependa nyota, Johann Georg Palitzsch, akaiona. Ikapita karibu kabisa na jua tarehe 13 Machi 1759. Baada ya safari ya miaka 76 gizani, hesabu ikakosea kama mwezi mmoja tu! Na niseme hili kwa sababu linaudhi: Clairaut baadaye hakumtaja Lepaute. Lalande ndiye aliyeandika wazi kwamba bila mama huyo wasingethubutu hata kuianza kazi ile.

Mwaka 1846 ikaja Neptuni. Urbain Le Verrier aliona Uranusi inayumba kidogo njiani, akakokotoa ni sayari gani isiyojulikana inayoivuta, akaandika barua Berlin. Johann Galle akaelekeza darubini tarehe 23 Septemba na usiku ule ule akaikuta, chini ya digrii moja kutoka mahali alipoambiwa.

Katikati ya ushindi kama huo, hata kabla ya Neptuni, si ajabu Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, mwaka 1814 akaandika kwamba akili ambayo ingejua kwa wakati mmoja nguvu zote za maumbile na mahali kilipo kila kitu, isingebahatisha lolote. Yaliyopita na yajayo yangekuwa mbele ya macho yake. Huo ndio mzizi wa hoja ya vijiweni. Lakini wanaomnukuu hawasemi maneno hayo yamo katika kitabu cha nini. Yamo katika kitabu cha nadharia ya uwezekano! Aliyatanguliza ili aseme kwamba sisi si akili hiyo wala hatutaifikia, kwa hiyo tujifunze kuyapima tusiyoyajua.

Sasa nusu iliyodandia. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa kule Marekani, alikuwa na hewa ya kubuni ndani ya kompyuta, milinganyo michache tu, hakuna bahati nasibu ndani yake hata chembe. Akataka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya miezi michache ndani ya mashine ile ilikuwa haifanani kabisa na ya mwanzo. Kanuni ni zile zile. Tofauti ni chini ya sehemu moja kwa elfu mwanzoni.

Kanuni za Newton zinazoendesha mwezi ndizo zinazoendesha hewa iliyo juu ya Pugu. Mwezi unatabirika karne mbele, na mvua ya wiki ijayo ni ya kukadiria. Kwa hiyo kuwapo kwa kanuni ni jambo moja, kutabirika ni jingine, na anayeruka kutoka la kwanza kwenda la pili anapaswa kuulizwa amepitia wapi.

Karibuni.

KigamboniKwetu

Uzi wa maana huu. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

MtotoWaKunduchi

Mwalimu heshima yako. Sisi wa pwani hiyo mashine tunaishi nayo.

Marehemu baba alikuwa mvuvi. Jedwali la maji hakuwa nalo, alikuwa anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua, maji makubwa. Ukiwa nusu, maji mafu, yale madogo. Na siku za bamvua hapa kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yanapwa kwenye saa nne. Kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini. Mtoto wa miaka kumi anajua.

Ngalawa yetu tulikuwa tunaifunga kwenye mti wa mkoko uliochomekwa mchangani. Chini mti ule ulikuwa umevaa chaza wadogo, umeota mwani, ukishika unakukata. Juu ulikuwa mkavu, mweupe kwa chumvi. Baba alikuwa anaweka kidole juu ya mpaka wa chaza anasema leo yanaishia hapa. Na yanaishia hapo. Ila kusi likivuma siku mfululizo maji yalikuwa yanapita kidole. Hakumlaumu mwezi. Alikuwa anasema mwezi umefanya kazi yake, upepo nao una yake.

Swali langu: siku ya mwezi mpevu mwezi unakuwa utosini kwenye saa sita usiku. Kama ndio unaovuta, mbona maji yanajaa saa kumi?

MwlWaTemeke

Swali zuri mno, mkuu, na jibu lake linaingia moja kwa moja kwenye mada.

Picha ya vitabu vya shule, kwamba maji yanatuna chini ya mwezi na dunia inazunguka ndani yake, ingekuwa sawa kama dunia nzima ingekuwa bahari yenye kina kirefu kupita kiasi. Haiko hivyo. Bahari ya Hindi ina mabara pande tatu, ina vina tofauti, na maji yanapovutwa yanakwenda na kurudi kwa mwendo wao wenyewe. Yanachelewa. Kiasi gani yanachelewa kinategemea bonde lenyewe na pwani yenyewe. Ndiyo maana kila bandari ina saa yake, na ya Dar ni hiyo ya mzee wako.

Laplace huyo huyo ndiye aliyeandika milinganyo ya maji yanayokwenda, badala ya maji yaliyotulia. Halafu mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, akaunda mashine ya kutabiri maji. Hii ilikuwa mashine kweli, ya shaba: magurudumu yenye meno na kapi nyingi, uzi mmoja ukipita juu ya kapi zote, na kalamu mwishoni. Kapi moja inapanda na kushuka kwa kipindi cha mwezi, saa 12 na dakika 25. Nyingine kwa kipindi cha jua, saa 12 kamili. Nyingine kwa sababu mwezi unakaribia na kwenda mbali. Uzi unajumlisha yote, kalamu inachora maji ya mwaka mzima kwa muda wa saa chache. Vipindi viwili hivyo vya mwezi na jua vikienda pamoja unapata bamvua, vikipingana unapata maji mafu.

Lakini angalia kilichofichika. Vipindi vinatoka mbinguni na ni vile vile Dar, London au Mumbai. Kimo cha kila wimbi na kuchelewa kwake havitoki mbinguni. Ilibidi mtu aende bandarini, asimamishe kipimo, aandike kimo cha maji saa baada ya saa kwa miezi, ndipo zile kapi zirekebishwe kwa bandari hiyo. Kanuni peke yake haikutosha, hata kwa kitu chenye utaratibu kama maji. Ule mpaka wa chaza kwenye mti wenu wa mkoko ni kipimo cha aina hiyo.

HojaKwaHoja

Mwalimu, naomba kutofautiana na wewe kidogo.

Unachoeleza ni udhaifu wetu sisi, hauhusu ulimwengu. Lorenz alikata tarakimu tatu, haya, asingezikata je? Angepata jibu lile lile. Mvua ya kesho kutwa imeshaamuliwa na hewa ya leo, ila sisi hatuna macho ya kuiona hewa yote. Ukipata vipimo vya kutosha na kompyuta kubwa ya kutosha, mchezo umeisha. Mashine inabaki mashine hata kama fundi ni kipofu.

MwlWaTemeke

Mkuu HojaKwaHoja, hiyo ndiyo hoja yenyewe ikiwa imevaa nguo zake nzuri, na Laplace angekupa mkono. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, hiyo "kompyuta kubwa ya kutosha" haipo hata kwa kufikirika kirahisi. Kwenye mifumo kama hewa, kosa dogo linajizidisha. Ukiongeza usahihi wa vipimo mara kumi, hupati utabiri wa mara kumi. Unapata siku chache za ziada. Ongeza tena mara kumi, siku chache nyingine. Watabiri wa hali ya hewa hawastahili lawama wanazopewa mitaani. Wanapambana na kitu ambacho hakinunuliki kwa fedha.

Na usidhani ni hewa tu. Anga lenyewe, lile lililotupa wazo la mashine, lina tabia hiyo hiyo ukisubiri vya kutosha. Henri Poincaré, mwanahisabati Mfaransa, aliligundua katika kazi aliyoshindia tuzo ya mfalme Oscar II wa Sweden mwaka 1889: vitu vitatu tu vikivutana, njia zao zinaweza kusukwa kiasi cha kushindikana kuchorwa. Jacques Laskar, wa Ufaransa pia, akapiga hesabu za sayari zetu. Ukikosea mahali dunia ilipo leo kwa mita 15, urefu wa basi refu na kidogo, baada ya miaka zaidi kidogo ya milioni 100 hujui tena iko upande gani wa jua. Mwaka 2009 yeye na Mickaël Gastineau walionyesha kuna kama asilimia 1 kwamba ndani ya miaka bilioni 5 njia ya sayari ya Zebaki itarefuka mpaka iweze kugongana na jirani au jua. Asilimia moja! Hesabu inayoongozwa na kanuni tupu, na jibu lake bora ni uwezekano.

La pili, kwenye chembe ndogo hata hilo la "imeshaamuliwa" linatetereka. Nitawaachia wenye uzoefu.

MionziTu

Nipo kitengo cha tiba ya nyuklia, nichangie hapo.

Dawa tunayotumia sana ni teknesi-99m. Kila baada ya saa 6 nusu yake imekwisha. Dozi ya saa mbili asubuhi ikifika saa nane mchana ni nusu kamili, tunapanga foleni ya wagonjwa kwa hesabu hiyo na haijawahi kutuangusha. Lakini ukinionyesha atomu moja ukaniuliza hii itatoa mionzi yake lini, sina jibu, na hakuna mwenye jibu. Iliyokaa saa ishirini haijazeeka kuliko iliyotoka kutengenezwa sasa hivi.

HojaKwaHoja

Au ina siri ndani yake ambayo hatujaiona?

MionziTu

Einstein alitumaini hivyo. John Bell mwaka 1964 akatafuta namna ya kulipima, na majaribio yaliyofuata, ambayo Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Nobel ya 2022 kwa ajili yake, yalifunga mlango kwa siri za aina hiyo, za kila chembe kubeba majibu yake yenyewe. Wanaotaka ulimwengu wa kupangwa bado wana njia, ila wanalazimika kukubali chembe zilizo mbalimbali ziathiriane papo hapo. Bei yake si ndogo.

DadaWaUpanga

Mimi ni wa hesabu za bima, na Laplace ni mtu wetu. Katika kitabu hicho hicho anasema barua zinazokwama posta ya Paris kwa kukosa anwani inayoeleweka idadi yake haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kukosea anwani. Kila mmoja kakosea kivyake, na jumla inatulia.

Ndiyo kazi yangu. Bodaboda gani ataanguka leo Morogoro Road siwezi kukuambia, na sitaki mtu adhani naweza. Katika madereva wengi mno, wangapi, nakadiria na fedha zinawekwa. Lakini barabara ikiwekwa matuta, idadi inashuka. Kwa hiyo anayesema "ajali imeandikwa" aniambie matuta yameifuta vipi.

UstaadhIlala

Assalaam alaykum jamani. Nimesoma yote, na hapo kwa dada nisimame kidogo, kwa upole.

Kuamini kadari si kuamini mashine. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki 1111, alilijadili: moto ukigusa pamba, pamba inaungua. Akasema tunachokiona ni viwili kufuatana, hatuoni ulazima wenyewe. Utaratibu huo ni ada ambayo Mwenyezi Mungu ameiendesha. Ibn Rushd akampinga vikali, akasema ukiondoa sababu umeiondoa akili yenyewe. Wanazuoni wetu walikuwa kwenye uzi huu zamani. Wala hakuna kati yao aliyesema mtu akae asifanye sababu. Mtume alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee.

Na mfano mzuri tunao kila mwaka. Mwezi kuzaliwa, yaani kupita kati yetu na jua, kunajulikana kwa sekunde. Wastani ni siku 29.53 kutoka mmoja hadi mwingine. Mwezi kuonekana ni suala la urefu wake juu ya upeo, ukungu na mawingu ya magharibi siku hiyo. Ndiyo maana watu wanatoka kuutazama. Wanaobezana kwa hesabu na wanaobezana kwa kuona wangetulia wakajua wanaulizia vitu viwili.

MwlWaTemeke

Ustaadh, ahsante sana, umeupa uzi huu uzito.

Na Ulaya waligombana hivyo hivyo. Newton hakuamini kwamba ulimwengu ni saa inayojiendesha. Aliona sayari zinavyovutana akahofia mpangilio utaharibika, akasema Mungu huurekebisha. Gottfried Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, akamsuta: Mungu gani fundi saa asiyeweza kutengeneza saa isiyohitaji kurudishwa gereji? Wakajibizana kwa barua 1715 na 1716, Samuel Clarke akimsemea Newton. Laplace baadaye akaonyesha kwamba Mshtarii na Zohali, ambazo zilionekana kuacha njia, zinarudi katika mzunguko wa kama miaka 900. Watu wakashangilia, saa imepona. Kisha ndiyo akaja Poincaré.

Niseme kinachonisukuma. Nina wanafunzi wanaoniambia, mwalimu, kama kila kitu kimeshapangwa, nisome nisisome matokeo ni yale yale. Hili si suala la kijiweni tena, ni mtoto anayejitoa. Hata tukimpa HojaKwaHoja kila anachotaka, hata kama yote ni mashine mpaka chembe ya mwisho, kusoma kwako kumo ndani ya mashine hiyo. Matokeo hayaji kwa kuzunguka nyuma ya kusoma. Yanapita ndani yake, kama idadi ya ajali inavyopita kwenye matuta.

HojaKwaHoja

La wanafunzi nakubaliana nalo bila kusita. La kutabirika pia umenitoa. La kupangwa bado nimelishika, ila nimeona gharama yake.

TandikaMabatini

Wajuzi, mimi nina swali la kawaida tu. Lile jiwe la angani, Apophis, wanasema linakuja. Hesabu zinasemaje, litatugonga au halitugongi?

MwlWaTemeke

Halitugongi, lala usingizi mkuu. Ni jiwe la upana wa kama mita 340. Lilipogunduliwa 2004, vipimo vilikuwa vichache na kwa siku chache uwezekano wa kugonga mwaka 2029 ulipanda karibu asilimia 3. Vipimo vilipoongezeka ukafutika. Ikabaki hofu ya pili: likipita karibu nasi, dunia itaipinda njia yake, na kama lingepita kwenye kijia fulani chembamba, cha upana wa mita mia kadhaa tu, lingerudi kugonga miaka ya baadaye. Huyo ni Lorenz yuko angani. Vipimo vya rada vya Machi 2021 vikaifuta hiyo nayo, kwa miaka 100 angalau.

Litapita usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi, karibu zaidi ikiwa muda mfupi baada ya saa sita usiku kwa saa zetu, kilomita kama 32,000 juu ya ardhi. Ni chini ya setilaiti zinazoleta matangazo kwenye madishi yetu. Kutoka Afrika litaonekana kwa macho bila darubini.

MtotoWaKunduchi

Mwalimu, katikati ya Aprili Dar ni masika. Mawingu je?

MwlWaTemeke

Mawingu hayo hakuna anayeweza kukuambia leo, wala mwaka mmoja kabla. Tutaangalia utabiri siku chache kabla ya Ijumaa hiyo. Anayeweza kupanga safari afikirie Dodoma, mvua zao wakati huo zinakuwa zinaelekea kuisha. Wanafunzi wangu nitajitahidi niwapeleke.